Bingwa wa watoto au daktari wa familia? Namna ya kumpatia mtoto wako daktari ukiwa Dar es Salaam

Swali hili huulizwa usiku, tena likiwa limeshachelewa. Kwenye grupu la WhatsApp la akina mama mtu anaandika: "Jamani naombeni daktari mzuri wa watoto, niko Tabata, mwanangu homa haishuki tangu juzi." Haipiti nusu saa majina yameshamiminika: huyu wa Upanga, yule wa Mikocheni, mwingine yuko Sinza ila anaonekana jioni tu. Kila jina linakuja na sifa, na karibu sifa zote ni moja: "yuko vizuri sana, watoto wanampenda." Hakuna anayeuliza mtoto ana umri gani, kama ana tatizo alilozaliwa nalo, au mama ana bima ipi.

Hatua zilizo hapa ni za kufuata mchana, mtoto akiwa mzima na anarukaruka. Msimamo wangu nautoa mapema ili usisome ukiusubiri. Kwa mtoto aliyezaliwa kwa wakati, anayeongezeka uzito na asiye na ugonjwa wa kudumu, daktari wa kwanza awe yule wa karibu anayeona familia nzima, na bingwa wa watoto awe mtu unayejua njia ya kumfikia. Kwa mtoto mwenye historia nzito, mpangilio unageuka: bingwa anatangulia, wa karibu anasaidia. Watu wengi hapa mjini hufanya kinyume. Mafua yanapelekwa kwa bingwa, halafu pumu inayorudi kila mwezi inazungushwa dispensari.

Kabla ya yote: kuna siku hakuna kuchagua

Mtoto akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila anachopewa, akipata degedege, akilegea au akawa haamki sawasawa, achana na habari za kutafuta daktari wa familia au bingwa. Nenda hospitali ya karibu inayolaza wagonjwa na iliyo wazi usiku na mchana. Ni hivyohivyo akipumua kwa shida, kifua kikibonyea ndani chini ya mbavu kila anapovuta hewa. Unaweza pia kuhesabu pumzi zake kwa dakika nzima akiwa ametulia, halii wala hanyonyi. Pumzi 60 au zaidi kwa mtoto wa chini ya miezi miwili, 50 au zaidi kwa wa miezi miwili hadi mwaka, 40 au zaidi kwa wa mwaka mmoja hadi mitano, hizo ni pumzi za haraka na anatakiwa kuonwa siku hiyohiyo. Mtoto wa chini ya miezi miwili mwenye joto la 37.5 kwapani au zaidi, au aliyepoa isivyo kawaida, naye ni wa hospitali hata kama bado ananyonya.

Kwa wengi wetu hospitali hiyo ni ya rufaa ya mkoa: Amana kwa watu wa Ilala, Mwananyamala kwa Kinondoni, Temeke kwa upande wa Temeke na Mbagala. Kigamboni kuna Vijibweni. Ukifika, usikae kwenye benchi na mtoto aliyelegea eti unasubiri namba. Mshike muuguzi wa kwanza utakayemwona umwambie kwa sauti: "Sista, mtoto hanyonyi na amelegea." Siku hiyo adabu ya foleni haina kazi.

Hatua ya 1: Jua unayemwita dokta ni nani

Hapa mjini kila aliyevaa koti jeupe ni dokta, na wao wenyewe hawakusahihishi. Kwenye dispensari ya mtaani anayekupokea mara nyingi ni tabibu, aliyesoma stashahada ya miaka mitatu. Anayefuata ni daktari, mwenye shahada ya miaka mitano na mwaka mmoja wa mazoezi ya kazi hospitalini. Juu yake yuko daktari bingwa, aliyerudi chuoni miaka mitatu au zaidi kusomea fani moja. Bingwa wa watoto ameisoma miaka hiyo akiwa wodi za watoto, kuanzia wachanga wa siku moja hadi vijana. Halafu wapo wabobezi, wa moyo wa watoto, figo, saratani, watoto wachanga. Hao utawakuta zaidi Muhimbili na Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, na kwa kawaida unafika kwao ukiwa na barua ya rufaa mkononi.

Anayechanganya watu ni daktari wa familia. Kitaaluma naye ni bingwa kamili. Chuo Kikuu cha Aga Khan kinafundisha fani hiyo hapahapa Dar es Salaam kwa ngazi ya uzamili, ila waliohitimu bado ni wachache ukilinganisha na ukubwa wa jiji. Kimtaani, daktari wa familia ni yule daktari wa kawaida wa polikliniki au kituo cha afya, aliyemtibu baba presha, akampima mama ujauzito, na watoto wote wamepita mikononi mwake. Hapa nawazungumzia wote wawili. Wewe uliza tu mapokezi ujue umempata yupi, si kosa wala si dharau.

Na tabibu usimbeze. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Tanzania ilijaribu mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa kuhudumia watoto wagonjwa, kwenye vituo vya kawaida vya wilaya za Rufiji na Morogoro Vijijini. Watathmini walipokuja kupima, vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano huko vilikuwa pungufu kwa asilimia 13 kuliko kwenye wilaya za kulinganishia. Kazi hiyo haikufanywa na mabingwa. Ilifanywa na matabibu na wauguzi waliofundishwa kufuata hatua moja baada ya nyingine bila kuruka: uliza, tazama, hesabu pumzi, pima uzito, ndipo uandike dawa. Tabibu anayefuata hatua hizo ni bora kwa mwanao kuliko bingwa mwenye haraka.

Yupo na mwingine ambaye kwenye grupu hatajwi kabisa, muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto. Chanjo za mpango wa taifa, yaani za kuzaliwa, wiki ya 6, ya 10, ya 14, mwezi wa 9 na wa 18, ni bure kwenye vituo vya serikali. Matone ya vitamini A na dawa za minyoo hutolewa kwa kampeni za mwezi Juni na Desemba. Wapo wazazi wanaofikiri wakishakuwa na bingwa kliniki si yao tena. Ni yao. Mstari wa uzito kwenye kadi ya kliniki ndio utakaokwambia mapema kuliko mtu yeyote kwamba kuna kitu hakiendi sawa.

Hatua ya 2: Mtazame mtoto kwanza

Mtoto wako akiwa kwenye mojawapo ya mafungu haya, tafuta bingwa wa watoto tangu mwanzo.

Kwanza ni waliozaliwa njiti au na uzito wa chini ya kilo 2.5, na waliolazwa wodi ya wachanga kwa sababu hawakulia, walipata manjano makali au maambukizi. Miaka miwili ya mwanzo inataka mtu anayejua kufuatilia macho, masikio, shingo, kukaa na kutembea kwa mtoto wa namna hiyo.

Pili ni wenye ugonjwa usioondoka: moyo, kifafa, kisukari, figo, pumu inayomrudisha hospitali mara kwa mara. Mtoto aliyezaliwa na mama mwenye VVU ana utaratibu wake ndani ya kliniki ya mama na mtoto, na usikubali kuukatiza kwa kuhamia kwingine kimyakimya.

Tatu ni selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi (sickle cell), na hapa naomba tukae kidogo. Tanzania ni miongoni mwa nchi duniani zenye watoto wengi wanaozaliwa na selimundu, na familia nyingi hazijui mpaka mtoto avimbe vidole vya mikono na miguu akiwa na miezi michache, au aishiwe damu ghafla. Kama upande wako au wa mwenzako kuna ndugu aliyekuwa "mgonjwamgonjwa wa viungo", au watoto waliofariki wadogo kwa kuishiwa damu, omba kipimo hata kama wako anaonekana mzima. Akithibitika, anahitaji kliniki maalumu, na Muhimbili ipo. Anahitaji dawa za kukinga maambukizi tangu utotoni, na daktari wa mtaani anayejua kwamba homa kwa mtoto huyu ni dharura. Watoto wa selimundu ndio hasa wanaohitaji madaktari wawili, bingwa anayepanga matibabu na wa karibu anayejua kumwahisha.

Nne, mtoto ambaye kitu fulani kinakukereketa rohoni. Uzito umelala miezi mitatu, au umri wa kukaa umepita hakai, au akiitwa jina hageuki. Ndugu watakwambia "hata baba yake alichelewa kutembea." Inawezekana. Mpeleke tu.

Nje ya mafungu hayo, mafua, kikohozi, kuhara, masikio, upele, minyoo na michubuko ya kuanguka ni kazi halali ya daktari wa karibu, na mara nyingi anaifanya vizuri kuliko bingwa kwa sababu moja: anawajua wengine wa nyumbani. Chukulia mtoto wa miaka miwili anakohoa wiki ya tatu na uzito unashuka. Bingwa wa Upanga anamwona yeye tu. Daktari wa familia anakumbuka kwamba bibi aliyetoka mkoani mwezi uliopita alikuja kwake na kikohozi cha muda mrefu, wanalala chumba kimoja, na hapo TB inaingia kwenye hesabu ya watu wawili kwa siku moja. Upele nao ni hivyohivyo. Ukimtibu mtoto peke yake huku kaka, dada na dada wa kazi wanajikuna, mwezi ujao mnaanza upya.

Vijana wa miaka kumi na miwili kwenda juu nao wanamfaa zaidi daktari wa familia. Binti aliyeanza hedhi hataki kukaa benchi moja na vichanga, na ukimlazimisha atakachokuja kusema kwa daktari ni kwamba haumwi kitu.

Hatua ya 3: Pima njia

Daktari wa kwanza awe mahali unapoweza kufika kwa bajaji ndani ya nusu saa, jioni, mvua ikinyesha. Sharti hili linaonekana dogo mpaka ukumbuke unaishi wapi. Kutoka Chanika, Bunju au Kibada hadi Upanga saa kumi na moja jioni ni safari, na mtoto anatapika mapajani. Masika yakikolea, Jangwani hujaa maji, Barabara ya Morogoro hukatika na mwendokasi husimama, kwa hiyo mtu wa Kimara mwenye daktari mmoja tu aliye mjini anakuwa hana daktari. Wa Kigamboni ahesabu pantoni na daraja, na asihesabu foleni ya Jumapili asubuhi bali ya Jumatatu.

Halafu ulizia siku na saa. Mabingwa wengi wa jiji hili asubuhi wako hospitali za umma na jioni kwenye kliniki binafsi, moja Jumanne, nyingine Alhamisi. "Bingwa wa watoto yupo" ubaoni inaweza kumaanisha yupo saa mbili kwa wiki. Hakuna ubaya, ila mtu unayempata mara mbili kwa wiki hawezi kuwa daktari wako wa kwanza, awe na sifa za namna gani.

Hatua ya 4: Piga simu, uliza bei bila aibu

Sera ya serikali inasema watoto wa chini ya miaka mitano hutibiwa bila malipo kwenye vituo vya umma. Ukienda, itaje. Ujiandae pia kwamba dawa ikikosekana dirishani utaandikiwa ukanunue famasi. Mwenye NHIF (Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya) ya mwajiri huweza kuwaweka mwenza na wategemezi wanne, kwa hiyo hakikisha mtoto ameshaingizwa na si kwamba "nitamwandikisha akikua". Toto Afya Kadi, ile bima ya watoto ya NHIF, utaratibu wake umebadilika zaidi ya mara moja tangu ianzishwe. Nenda ofisi ya NHIF uulize wa sasa, usitegemee alichokwambia jirani.

Na hata ukiwa na bima nzuri, uwe na mahali pa pili. Machi 2024 hospitali kadhaa binafsi zilisitisha kuwahudumia wanachama wa NHIF kwa mvutano wa bei za huduma, na wazazi wengi walijikuta na kadi isiyofanya kazi mahali walipokwenda miaka yote.

Simu yenyewe iwe hivi, na ipige saa nne asubuhi wakati mapokezi wamepumua:

"Habari za kazi, dada. Naulizia daktari bingwa wa watoto. Anakuwepo siku zipi, na anaanza kuona saa ngapi? Kumwona kwa keshi ni shilingi ngapi, na kufungua faili? Bima yangu ni hii, mnaipokea? Inamlipia bingwa moja kwa moja au lazima nianzie kwa daktari wa kawaida? Akiniambia nimrudishe mtoto baada ya siku tatu, nalipa tena?"

Swali la mwisho ndilo watu husahau, na ndilo linaloamua kama utarudi. Daktari wa bei ya chini ambaye kurudi kwake ni bure ndani ya wiki anaweza kukufaa kuliko bingwa ambaye kila ukigonga mlango unaanza upya. Mtoto mgonjwa anatakiwa kurudi. Ugonjwa wa siku ya kwanza na wa siku ya tatu haufanani, na daktari mzuri anataka kuona zote mbili.

Ukiongea na dada wa mapokezi kwa heshima utapata na yasiyo kwenye bango: dokta gani hana haraka, saa ngapi foleni ni fupi, nani yuko likizo.

Hatua ya 5: Mjaribu kwa kitu kidogo

Usingoje homa ya nyuzi 40 kumfahamu daktari. Mpeleke mtoto siku ana mafua tu, au ana upele wa joto, ukae pale uangalie kazi inavyofanyika.

Mzani kwanza. Dawa za mtoto hupangwa kwa kilo zake. Dozi ya panado, kwa mfano, ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo. Kituo kinachomwandikia mtoto dawa bila kumpima uzito siku hiyo kinakisia. Kwangu mimi hilo linatosha kutorudi.

Kisha mikono. Mtoto anayekohoa anavuliwa nguo kifuani, anatazamwa anavyopumua kabla ya kuwekewa chombo cha kusikiliza mapafu. Anayelia usiku anaangaliwa masikio. Daktari akiandika vipimo mtoto akiwa bado amefungwa kanga mgongoni, umeshajua mengi.

Sasa vipimo, na hapa ndipo Dar es Salaam inapojulikana. Homa yoyote ya mtoto mjini hapa ina majibu matatu: malaria, UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) na taifodi. Wakati mwingine yote matatu kwenye karatasi moja, na unaondoka na sindano za masaa. Mwaka 2008 watafiti waliwachunguza watoto 1,005 wa chini ya miaka kumi waliofika kliniki za Dar es Salaam na Ifakara wakiwa na homa, wakawapima kwa kina kuliko maabara ya mtaani inavyoweza. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014. Asilimia 62 walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa. Malaria ilikuwa kama asilimia 10, UTI karibu 6, taifodi chini ya 4. Wengi walikuwa na virusi, na antibayotiki haifanyi chochote kwa virusi.

Hiyo haimaanishi ukatae kipimo cha malaria. Kila mtoto mwenye homa apimwe, kipimo cha haraka kinatoa jibu kwa dakika chache, na akiwa nayo apewe dawa mseto kamili. Maana yake ni kwamba daktari unayemtaka ni yule ambaye malaria ikiwa hasi hakimbilii kukupa jina lingine la kutisha. Muulize mkojo ulichukuliwaje. Uliokamuliwa kwenye pampasi una uchafu wa ngozi na utaonyesha wadudu hata kwa mtoto mzima. Taifodi ya kipimo kimoja cha tone la damu cha haraka nayo ni ya kutiliwa shaka, maana kipimo cha kuaminika ni kuotesha damu. Daktari asiyekasirika ukimuuliza hivyo, akakueleza, mshike.

Mtoto akiwa anahara, sikiliza anaandika nini. ORS (unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji) na vidonge vya zinki, miligramu 10 kwa wa chini ya miezi sita na 20 kwa aliyezidi, kwa siku kumi au zaidi kidogo, ndiyo matibabu ya kuhara kwingi. Antibayotiki ni kwa wachache, kama wanaotoa damu. Ukitoka na mfuko wa dawa tano kwa kuhara kwa siku moja, umenunuzwa.

Sikiliza pia anavyouliza. "Mama, umempa nini nyumbani?" ni swali zuri likiulizwa kwa upole. Mama anayegombezwa huficha ile dawa ya mizizi aliyoletewa na shangazi, na huenda ndiyo inayomtapisha mtoto. Kwa upande mwingine, mtu yeyote wa afya, awe na cheo gani, akikushauri ukamkatishe mtoto kimeo au ukamng'oe "meno ya plastiki", nyanyuka. Watoto huvuja damu na kupata maambukizi makali kwa mambo hayo, na kikohozi wanabaki nacho.

La mwisho kwenye hatua hii: kabla hujatoka awe amekwambia dalili zipi zikitokea urudi hata usiku. Asiposema, muulize. Akijibu "mpe dawa atapona", hukupata daktari wa kwanza.

Hatua ya 6: Uliza atakupeleka wapi

Swali ni hili, na liulize mtoto akiwa mzima: "Dokta, ikitokea mtoto amezidiwa au hali haikuridhishi, huwa unatupeleka wapi?" Mwenye uzoefu atajibu papo hapo, hospitali ipi, siku zipi, hata bingwa yupi anampigia simu. Anayejibu kwamba kwake kila kitu kinatibika ndiye wa kumwogopa. Dispensari zinazomlaza mtoto siku nne na dripu bila bingwa hata mmoja kumwona zipo, na bili yake si ndogo.

Wewe nawe jiwekee mipaka. Homa ikifika siku ya tatu haijashuka, rudi. Ikifika wiki bila maelezo, hapo si mahali pa kubaki na daktari yuleyule. Ugonjwa uleule ukirudi mara tatu ndani ya miezi michache, omba rufaa kwa bingwa. Kuomba si kumtukana mtu. "Dokta, naomba na bingwa amwone mara moja, halafu tutarudi kwako" ni sentensi ambayo daktari muungwana ameisikia mara nyingi. Barua iwe na uzito wa mtoto, dawa alizokunywa na dozi zake, na majibu ya vipimo. Iliyoandikwa "tafadhali msaidie" pekee itamfanya bingwa aanze sifuri kwa pesa yako.

Ukiwa na shaka na mtu, Baraza la Madaktari Tanganyika ndilo linalosajili madaktari na mabingwa, na jina lisilo kwenye daftari lake halipaswi kumtibu mtu.

Hatua ya 7: Historia ya mtoto ikae kwako

Faili la hospitali ni la hospitali. Mtoto wa Dar es Salaam hupita kliniki ya serikali, dispensari ya mtaani, bingwa wa jioni na hospitali ya shule, na hakuna hata kimoja kati ya vituo hivyo kinachojua kingine kilifanya nini. Nunua daftari dogo, weka pamoja na kadi ya kliniki. Ukurasa wa kwanza andika tarehe ya kuzaliwa, uzito wa kuzaliwa, kundi la damu kama linajulikana, jibu la selimundu kama alipimwa, na dawa iliyowahi kumdhuru. Kurasa zinazofuata: tarehe, uzito, alikuwa na nini, alipewa nini, nani alimwona. Mistari miwili kila safari inatosha.

Daftari hilo lisifungiwe kabatini. Siku mtoto atakapoumwa uko kazini Posta, atakayempeleka ni dada wa kazi au bibi, na ndiye atakayeulizwa maswali. Mwonyeshe lilipo, mwonyeshe na namba ya simu ya daktari uliyoiandika nyuma, na umwambie wazi ni dispensari ipi ya kwenda na ipi ya kutokwenda.

Ukiamua kuhama daktari huhitaji kugombana wala kutoweka. Omba nakala ya majibu ya vipimo na muhtasari wa matibabu. Na mtoto akiwahi kulazwa popote, usitoke wodini bila karatasi ya ruhusa yenye jina la ugonjwa na dawa alizochomwa. Isome ukiwa bado ndani, maana mwandiko usipousoma wewe na muuguzi aliye mbele yako, bingwa wa wiki ijayo hatausoma pia.